Sauti Moja Haifiki Mbali: Jinsi Vihisio Visivyo na Waya Vinavyosaidiana Kupeleka Ishara

Katika nchi ya Wasukuma, mtu aliyevamiwa usiku na wezi wa ng'ombe hakulazimika kukimbia hadi kwa mkuu wa kijiji ili apate msaada. Alipiga mwano. Yowe hilo lilisikika katika kaya ya jirani, na yule jirani, kabla hajatoka na silaha yake, naye alilipiga. Likasikika katika kaya ya tatu, na ya nne, na kabla mwizi hajavuka mbuga watu wa vijiji kadhaa walikuwa wamekwisha kuamka. Jeshi la jadi la Sungusungu lilipoenea katika mikoa ya Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwano ulikuwa miongoni mwa nyenzo zake kuu za mawasiliano.

Yafaa kuuchunguza mwano kwa jicho la mwanafizikia. Hakuna mtu hata mmoja aliyepaza sauti kupita uwezo wa koo lake, hata hivyo habari ilisafiri kilomita nyingi. Tena, majirani wawili walipopiga yowe kwa wakati mmoja, mtu wa mbali ambaye asingelisikia la yeyote kati yao peke yake aliweza kuyasikia yote mawili yakiwa yameungana. Jambo la kwanza ni kupokezana ishara. La pili ni kushirikiana katika kuipeleka. Wahandisi wa mawasiliano wameyashughulikia mambo hayo mawili kwa zaidi ya miaka 50, na lile la pili limewatoa jasho zaidi.

Haja ya elimu hii katika ukanda wa migodi wa Shinyanga na Geita si ya kubuni. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likamwagika juu ya makazi na mashamba ya wanavijiji. Kwa bahati njema hakuna aliyepoteza maisha. Huko Brumadinho, nchini Brazil, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la namna hiyo la mgodi wa chuma lilibomoka adhuhuri wakati wafanyakazi wako kwenye chakula. Watu 270 walikufa, na ving'ora vilivyokusudiwa kuwaonya havikulia.

Mara nyingi, ingawa si kila mara, ukuta wa bwawa hutoa dalili kabla ya kubomoka. Shinikizo la maji yaliyomo ndani ya udongo wa ukuta hupanda, au ukuta wenyewe husogea milimita chache. Shinikizo hilo hupimwa kwa chombo kiitwacho pizomita, ambacho hufukiwa ndani ya ukuta. Taabu huanza pale vipimo vinapotakiwa kumfikia mhandisi ofisini. Ukuta wa bwawa kubwa huwa na urefu wa kilomita kadhaa. Nyaya zikitandazwa juu yake hukatwa na matingatinga, hupigwa na radi, na shaba iliyomo huwavutia wezi. Ndiyo maana siku hizi hupendelewa kila pizomita iunganishwe na redio ndogo inayojitegemea. Kihisio, redio yake, kompyuta yake ndogo na betri yake, vyote pamoja huitwa nodi. Nodi nyingi zilizotawanywa mahali pamoja na kuzungumza kwa redio ndizo zinazofanya mtandao wa vihisio usio na waya.

Afrika Mashariki haikuachwa nyuma katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa WIMEA-ICT uliwakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, wakaunda vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha vyenyewe. Katika kituo kimoja nodi moja hukaa juu ya mlingoti na kupima upepo, nyingine hukaa mita mbili kutoka ardhini na kupima joto na unyevu wa hewa, nyingine hukaa chini na kupima mvua, na zote hupeleka vipimo vyao kwa redio hadi kwenye nodi inayovikusanya. Hapo umbali ni mita chache tu. Kwenye ukuta wa bwawa, au ndani ya mgodi, umbali huwa mkubwa, na umbali ndio adui wa betri.

Na tuone ukubwa wa uadui huo. Katika anga tupu, nguvu ya wimbi la redio hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayopokewa hubaki robo. Juu ya uwanda tambarare kama mbuga za Shinyanga, hasa antena ikiwa karibu na ardhi, hali huwa mbaya zaidi. Wimbi moja hufika moja kwa moja na jingine hufika baada ya kugonga ardhi, likiwa limepinduliwa juu chini, na hayo mawili hukaribia kufutana. Matokeo yake ni kwamba nguvu hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi na sita.

Hapa ndipo faida ya kupokezana inapoonekana. Chukua nodi inayotaka kupeleka ishara umbali wa mita 400 juu ya uwanda wa namna hiyo. Nodi nyingine ikiwekwa katikati, kila moja itahitaji kufika mita 200 tu, yaani itatumia sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu ya awali. Kwa kuwa ni mbili, jumla ni sehemu moja ya nane. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini vitabu vingi huishia hapo bila kusema kwamba nodi ya katikati hula umeme pia inaposikiliza. Redio moja iliyotumika sana katika nodi za utafiti, CC2420, huvuta miliampia 17.4 inapotuma kwa nguvu yake kamili na miliampia 18.8 inapopokea. Kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Betri mbili za kawaida zenye akiba ya miliampia-saa 2,500 zingekwisha kwa siku tano na nusu hivi endapo redio ingeachwa wazi mchana na usiku. Kwa hiyo nodi hulala karibu wakati wote. Ikiamka kwa asilimia moja tu ya muda, redio ile ile huweza kudumu kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na kazi kubwa ya wahandisi ni kupanga nani aamke lini.

Kuna kasoro nyingine. Nodi zilizo karibu na kituo kikuu hubeba mizigo ya zote zilizo nyuma yao, kama kaya iliyo kando ya barabara ambayo kila mgeni huomba maji kwake. Hizo ndizo hufa kwanza, na zikifa mtandao wote hunyamaza hata kama mamia ya nodi za nyuma zingali na betri zilizojaa.

Ushirikiano ulifikiriwa kuwa dawa ya matatizo haya na ya jingine linaloudhi zaidi, nalo ni kufifia kwa ishara. Mtu anayesikiliza simu ndani ya nyumba yenye bati hulijua jambo hili: hatua moja kushoto na mazungumzo yanakatika, hatua moja kulia yanarudi. Wimbi hugonga kuta, mitambo na magari, likafika kwa njia nyingi za urefu tofauti. Njia mbili zikitofautiana kwa nusu ya urefu wa wimbi, kilele cha moja hukutana na bonde la nyingine, na vyote hufutana. Kwa redio yenye mitetemo bilioni 2.4 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, hivyo sentimita sita na robo zatosha kuiua ishara. Mgodini, ambako kila ukuta ni mwamba usio sawa na mashine hazitulii, mahali penye ishara nzuri asubuhi huweza kuwa pafu mchana.

Sasa, ikiwa njia moja hushindwa mara moja katika kila kumi, na njia ya pili kutoka nodi nyingine hushindwa kwa kiasi hicho hicho bila kuitegemea ya kwanza, basi zote mbili zitashindwa kwa pamoja mara moja tu katika mia. Njia tatu, mara moja katika elfu. Wanafunzi wa kidato cha nne wanazo hesabu hizo. Edward van der Meulen aliichambua njia ya mawasiliano yenye msaidizi wa katikati mwaka 1971, na Thomas Cover na Abbas El Gamal wakaipa misingi imara ya kihisabati mwaka 1979. Wakati huo jambo hilo lilikuwa la karatasi tupu; redio za kulitumia hazikuwapo.

Lakini nodi mbili zikituma habari kwa wakati mmoja bila mpango, si zitafutana zenyewe? Ndiyo, huweza kufutana. Mwaka 1998 Siavash Alamouti alitoa hila nzuri ya kuepuka jambo hilo, ambayo aliikusudia kwa antena mbili za kituo kimoja lakini inafaa pia kwa nodi mbili zilizo mahali mbalimbali. Tuseme kuna tarakimu mbili za kutumwa, A na B, ambazo nodi zote mbili zinazijua. Katika zamu ya kwanza nodi ya kwanza hutuma A na ya pili hutuma B. Katika zamu ya pili nodi ya kwanza hutuma B iliyogeuzwa alama, yaani hasi B, na ya pili hutuma A.

Mfano utalifafanua jambo hili. Kwa kurahisisha, tuchukulie kwamba njia ya kwanza huzidisha kila kinachopita kwa 3 na njia ya pili kwa 4. Kituo kikuu kitapokea 3A + 4B katika zamu ya kwanza, na 4A − 3B katika zamu ya pili. Hii ni milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili. Tuseme kilichopokewa ni −1 na 7. Zidisha cha kwanza kwa 3 na cha pili kwa 4, kisha ujumlishe: −3 na 28 ni 25, ambayo ni 25A, basi A ni 1. Zidisha cha kwanza kwa 4, kisha utoe mara 3 ya cha pili: −4 kutoa 21 ni −25, ambayo ni 25B, basi B ni −1. Mwanafunzi makini atagundua kwamba 25 ni 9 na 16 zilizojumlishwa, yaani nguvu za njia zote mbili zimeungana, na hakuna iliyopotea. Tena aijaribu hesabu hiyo huku njia ya kwanza ikiwa imekufa kabisa, yaani 0 badala ya 3. Bado A na B zitapatikana, kwa nguvu ya njia iliyobaki.

Hila hiyo huokoa ishara isipotee, lakini haiifikishi mbali sana. Ili kufika mbali hapana budi mawimbi yenyewe yaende kwa hatua moja. Mfano ulio karibu ni uwanja wa mpira wa Kambarage, mjini Shinyanga. Mashabiki wakipiga kelele kila mtu kwa wakati wake, nguvu ya sauti huongezeka kwa kadiri ya idadi yao: watu kumi, nguvu mara kumi. Lakini vilele vya mawimbi vikikutana vyote mahali pamoja kwa wakati mmoja, kinachojumlishwa ni vimo vya mawimbi, na nguvu hufuata kipeo cha pili cha kimo. Nodi kumi zilizopatana hivyo hutoa kimo mara kumi, na nguvu mara 100. Ukiitazama kwa upande mwingine, ili kufikisha nguvu ile ile ambayo nodi moja ingefikisha, kila moja ya zile kumi hutumia sehemu moja ya mia, na jumla yao ni sehemu moja ya kumi. Na juu ya ule uwanda wa kipeo cha nne, nodi nne zilizopatana, zikiwa na nguvu mara 16, zinaweza kuvuka pengo lenye urefu mara mbili. Kwa ukuta wa bwawa hili si jambo dogo: nodi zilizofunikwa na tope la kwanza huacha pengo, na zilizo nyuma ya pengo ndizo zenye habari inayotakiwa.

Ugumu uko katika kupatana. Kila nodi ina saa yake ya kioo cha kwatzi, na saa za bei nafuu hukosea kwa sehemu kumi hivi katika milioni. Kwa maisha ya kawaida kosa hilo ni dogo. Kwa wimbi lenye mitetemo bilioni 2.4 kwa sekunde, ni mitetemo 24,000 kwa sekunde. Nodi mbili zilizoanza pamoja huachana kwa mzunguko mzima ndani ya mikrosekunde 42.

Suluhisho mojawapo lilibuniwa na Raghuraman Mudumbai, Upamanyu Madhow na wenzao huko Santa Barbara, Marekani, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, nalo hushangaza kwa wepesi wake. Kila nodi hubadilisha kidogo hatua ya wimbi lake, kwa kubahatisha tu. Kituo kikuu husikiliza na kujibu kwa neno moja: imeongezeka, au haikuongezeka. Ikiongezeka, nodi zote hushika mabadiliko yao. Isipoongezeka, zote hurudi zilipokuwa na kubahatisha upya. Hakuna nodi inayojua nyingine iko wapi, wala inayoijua hatua ya mwenzake, na bado baada ya majaribio ya kutosha mawimbi yote hufika yakiwa yamelingana. Anayezijua ngoma za Wasukuma ataielewa njia hii upesi. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu mshindi ni kundi lililovuta watazamaji wengi. Manju hahitaji kuelezwa mtazamaji gani kapendezwa na nini. Hujaribu mbwembwe mpya. Umati ukiongezeka kwake huishika, ukihamia kwa mpinzani huiacha.

Hata hivyo, njia hii ingali zaidi kwenye maabara kuliko migodini. Iliyokaribia matumizi ni nyingine, ambayo kwa hakika ni mwano mtupu. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH, Zurich, walitangaza utaratibu waliouita Glossy. Nodi moja hutuma ujumbe. Zote zilioupokea huurudia ule ule, herufi kwa herufi, kwa wakati mmoja. Zinazousikia nazo huurudia, hadi ujumbe ukafika kila kona. Zamani iliaminika kwamba redio nyingi zikisema pamoja hapatasikika kitu. Watafiti hao walionesha kuwa, kwa redio za aina ile, kama ujumbe ni mmoja na tofauti ya wakati haizidi nusu ya mikrosekunde, anayesikiliza huuelewa. Kama ilivyo kwa mwano, ujumbe haubebi jina la kaya utakakopita, hivyo kaya moja ikinyamaza njia nyingine zimekwisha kuusambaza.

Chini ya ardhi mambo ni mazito zaidi. Mawimbi ya mitetemo bilioni mbili hufuata pango la mgodi na hayapenyi mwamba ila kwa mita chache. Mawimbi ya mitetemo elfu moja hivi kwa sekunde huweza kupenya mita mia moja na zaidi, ikitegemea unyevu wa mwamba, lakini hubeba maneno machache mno na huhitaji antena kubwa. Baada ya mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, Marekani, Januari 2006, ambapo wachimbaji 12 walikufa, nchi hiyo ilipitisha mwaka huo huo sheria inayoitaka migodi yake ya makaa iwe na mawasiliano ya pande mbili yasiyotegemea waya. Sheria hiyo iliupa msukumo mkubwa utengenezaji wa nodi za mgodini zinazopokezana ishara.

Kwa maduara ya wachimbaji wadogo hesabu ni nyingine. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka katika machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama. Wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji yaliyochuruzika. Mwenzao mmoja alikufa humo humo. Mwezi Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, wachimbaji 15 walifukiwa na wote wakatolewa hai baada ya siku tatu. Itakuwa ni kujidanganya kusema kwamba duara lisilo na matimba ya kutosha linahitaji kwanza redio, linahitaji matimba. Lakini waokoaji wanaojua kama kuna mtu anapumua chini, na yuko upande gani, huchimba kwa namna nyingine kabisa, na kwa habari hiyo mawimbi ya polepole yenye maneno mawili au matatu yangetosha.

Mwalimu anaweza kulionesha jambo lote hili kwa simu mbili za mkononi. Sauti moja isiyobadilika, ya mitetemo 680 kwa sekunde, iwekwe katika simu zote mbili. Urefu wa wimbi lake hewani ni nusu mita. Simu ziwekwe juu ya dawati nje, mbali na kuta, zikiachana mita moja na nusu, na wanafunzi wapite polepole mbele yake kwa umbali wa mita nne au tano, sikio moja likiwa limezibwa. Watakuta mahali pa sauti kubwa na mahali pa kimya, vikipishana. Kisha wasimame pale penye kimya, wasitikisike, wasubiri dakika moja au mbili. Huenda sauti ikarudi taratibu, ikazidi, halafu ikafifia tena, ingawa hakuna aliyegusa chochote. Saa za simu hizo mbili hazilingani, na kwa kuhesabu sekunde kati ya kimya kimoja na kingine wanafunzi wataweza kupata zimetofautiana kwa sehemu ngapi katika milioni.